Mshale wa Joto Ukishuka Mlimani, Usishangilie

Mimi nauza samaki. Jumanne na Ijumaa naondoka Kisumu saa kumi alfajiri, Probox imejaa makreti ya ngege na barafu juu yake, na ikifika saa mbili nataka niwe nimeshapita Ngata naingia Nakuru. Ni kilomita kama 180. Mwenye viazi gari likimharibikia Londiani hulala palepale na viazi vyake, kesho akaendelea. Mimi barafu ikishaanza kudondoka nyuma ya gari, ni hasara, tena hasara inayonuka. Ndiyo maana mtu kama mimi, ambaye darasa la ufundi sikulikanyaga, nimelazimika kuijua rejeta, kile kipozea maji ya injini, kama ninavyoijua mizani yangu ya sokoni.

Ujuzi wenyewe niliulipia. Mwaka wangu wa kwanza na gari nilikuwa napanda kutoka Awasi kwenda Kapsoit, mzigo umejaa, lori la miwa linatambaa mbele na mimi nyuma yake na gia ya chini. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Ukapita katikati. Nikasema moyoni, nitasimama Kericho. Kabla sijafika, mshale ukashuka wenyewe, ukalala chini kabisa kama gari lililowashwa sasa hivi. Nikamshukuru Mungu, nikakanyaga mafuta. Hazikupita dakika kumi injini ikaanza kulia kama karanga kikaangoni, ikaishiwa nguvu, ikazima, ikagoma.

Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka kilomita kadhaa nyuma na maji yote yakabaki barabarani. Sensa ya joto hupima maji yanayoigusa. Maji yakiisha, inabaki imening'inia kwenye hewa na mvuke, na mshale unaweza kusoma baridi huku chuma kinaungua. Silinda hedi, kile kipande cha chuma kinachoifunika injini kwa juu, ilipinda. Ngege niliwauza kwa bei ya kutupa pale kando ya barabara, waliosalia nikawagawa bure, na kwa miezi minne nikarudi kubeba samaki kwa matatu, nikigombana na makanga kuhusu harufu.

Kwa hiyo mshale ukipanda, kisha ukaanguka ghafla na wewe hujasimama wala kupunguza mwendo, hiyo si nafuu. Simama hapohapo, zima.

Aliyenifundisha mengine yote ni fundi mzee wa Kibuye, aliyeifungua ile injini akaniita: "Mama Samaki, njoo uone ulichokipika." Mimi humwita Baba. Nikamuuliza, "Baba, mbona gari halikunionya?" Akasema, "Lilikuonya. Wewe ulikuwa unatazama miwa." Kisha akanikalisha kwenye tairi kuukuu, akanionyesha njia ya maji kwa kijiti mchangani.

Maji husukumwa na pampu, yakazunguka silinda na kubeba joto. Njiani yanakutana na thamostati, ambayo ni mlango tu: injini ikiwa baridi mlango umefungwa ili ipate moto haraka, maji yakifika nyuzi kama 82, unafunguka, yanateremka kwenye rejeta. Pale hupozwa na upepo wa mwendo, na ukiwa kwenye foleni au mlimani ambako upepo hakuna, na feni. Kisha yanarudi. Ukiijua njia hiyo, gari likichemsha huulizi mganga. Unauliza tu ni wapi njia imeziba, imevuja au imekosa msukumo.

Kifuniko

Watu hudhani gari huchemka kwa sababu ya jua. Kisumu kuna jua, lakini langu halijawahi kunisumbua Kisumu. Husumbua kwenye baridi, kule juu. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukifika Kericho umevuka 2,000, na Mau Summit unakaribia 2,500. Kadiri unavyopanda hewa inapungua uzito, na maji huchemka mapema zaidi. Maji ya sufuria Kisumu huchemka kwenye nyuzi kama 96, Mau Summit kama 92. Mama yeyote wa Molo anajua maharagwe yake yanakaa jikoni muda gani kuliko ya dada yake aliyeolewa Ahero.

Sasa injini nzima, isiyo na kosa lolote, hutembea kati ya nyuzi 85 na 95. Kama maji yake yangekuwa kwenye sufuria wazi, pale Mau Summit yangechemka hata kabla mtu hajakosea. Kinachoyazuia ni kile kifuniko cha rejeta ambacho watu hawakitazami. Kina springi na mpira, hufanya kazi kama sufuria ya presha. Juu yake utaona namba, mara nyingi 0.9 au 1.1, hiyo ndiyo presha kinayoibana kabla ya kuachia. Kikibana vizuri, maji hayachemki hadi yavuke nyuzi 110, hata mlimani. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, umebaki na sufuria wazi.

Kwa hiyo ukiona gari linatembea salama mjini lakini linachemka kila ukipanda, kabla hujamruhusu mtu kushusha injini, nunua kifuniko kipya chenye namba ileile. Ni mia chache za shilingi. Usinunue chenye namba kubwa zaidi ukidhani unaongeza nguvu, maana presha ikizidi itatafuta mahali pembamba, na mahali pembamba ni mpira wako mzee au tangi la plastiki la rejeta. Nimewahi kuona gari ambalo kifuniko chake kilitiwa karatasi ya nailoni chini yake ili kibane. Hiyo ilikuwa kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku 2017. Siku hizi sijui wanatia nini.

Alfajiri, kabla ya kuwasha

Ukaguzi wenyewe hufanywa injini ikiwa baridi kabisa. Mimi huufanya kwa tochi, makreti hayajapakiwa, na haumalizi dakika tano.

Kwanza tangi la akiba, lile la plastiki lenye mistari miwili. Maji yawe katikati ya mistari. Lakini tangi hilo linaweza kukudanganya. Kifuniko kikiwa kibovu au kipira kinachounganisha kikiziba, tangi hubaki limejaa na rejeta yenyewe ni tupu. Mara moja kwa wiki, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko chenyewe na utazame. Maji yanapaswa kufika mdomoni. Ukiingiza kidole ndipo uyapate, yamepungua, na maji ya gari hayapungui kwa kuzeeka. Yanakwenda mahali.

Tazama pia rangi. Ya waridi au kijani kibichi, safi, ni sawa. Yakiwa kama mto Nyando siku za mafuriko, ndani kuna kutu. Yakiwa na utando wa mafuta juu, acha safari. Hapo hapo chomoa kijiti cha oili: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana, na mara nyingi ni hedi gasketi, kile kizibo kilicholazwa kati ya hedi na injini. Ila usiogope upesi. Gari la safari fupifupi kwenye baridi linaweza kuwa na povu jeupe kidogo chini ya kifuniko cha oili, unyevu tu. Kijiti ndicho hakimu, tazama kijiti.

Bonyeza mipira ya maji kwa vidole, ule wa juu na ule wa chini. Uwe kama ndizi iliyoanza kuiva. Ukiwa mgumu kama mti, au unabonyea kama ndizi iliyolala, au una nyufa karibu na klipu, ubadilishe kabla haujakuchagulia mahali pa kupasukia. Wangu ulinichagulia.

Usiku tandika kipande cha katoni chini ya pua ya gari. Asubuhi katoni itakuambia kila kitu. Maji meupe yasiyo na rangi upande wa abiria, baada ya kutumia kiyoyozi, ni ya kiyoyozi, hayana shida. Yenye rangi na yanayonatanata ni ya rejeta. Ukimulika pampu na kuona mchirizi mkavu wa waridi au mweupe umeteremka chini yake, pampu imeanza kulia machozi na siku zake zinahesabika. Na kwa kuwa tumetaja kuvuja: kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta, ina utamu, na ni sumu. Mbwa huilamba, mtoto pia anaweza. Usiiache kwenye beseni uani, na usiitie kamwe kwenye chupa ya soda.

Kuhusu feni, kuna jaribio rahisi. Washa injini, washa kiyoyozi, shuka usikilize. Kwenye magari mengi ya Kijapani feni huamka pamoja na kiyoyozi. Isipoamka, anza na fyuzi, kisha rilei, ile swichi ndogo ya umeme inayoiwasha, kabla ya kuambiwa feni imekufa. Rilei ya feni mara nyingi inafanana na nyingine kwenye boksi lilelile. Zibadilishe nafasi uone.

Sisi wa pembe hii ya nchi tuna adui mmoja ambaye vitabu vya Kijapani havimtaji: wadudu wa ziwani. Kuna siku wanapanda kutoka majini kama moshi, ukipita katikati yao kioo chote kinageuka uji, na walioingia mbele ya gari wanakauka kati ya mapezi ya rejeta. Ongeza makapi ya miwa ya Chemelil na vumbi la mvua ya kwanza, na utashangaa upepo unapita wapi. Injini ikiwa baridi, mwagia maji ya mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kuja nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Vijana wa kuosha magari wanapenda ile mashine ya kurusha maji kwa nguvu. Waambie wasiielekeze hapo. Mapezi yale ni membamba kama karatasi, yakilala hayapitishi upepo tena.

Maji gani

Ya ziwani, hapana. Ya kisima, tazama birika lako kwanza: kama yanaacha gamba jeupe ndani ya birika, gamba hilohilo litajijenga kwenye mirija ya rejeta, ambayo ni myembamba kuliko penseli. Kwa dharura barabarani, maji yoyote safi ni bora kuliko ukavu. Nyumbani tumia kulanti.

Kulanti haiko pale kwa ajili ya theluji peke yake, kama nilivyoambiwa na muuza spea mmoja. Inazuia kutu, inalainisha pampu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Ile nzito huchanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya chupa tunayoita maji ya betri. Soma lebo mara mbili, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa kwenye rafu hiyohiyo. Ile iliyochanganywa tayari kiwandani haiongezwi maji. Na rangi haimaanishi kitu kwa uhakika: waridi ya kampuni hii na waridi ya kampuni ile zinaweza kuwa dawa tofauti, na zikichanganywa baadhi huganda kama ugali mwepesi. Fuata kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Toyota, kwa mfano, kulanti yao ya waridi ya muda mrefu hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, halafu kila 80,000.

Hesabu hiyo ni ya gari lililotunzwa. Mengi yetu yanaingia kutoka Japani yakiwa na miaka saba hivi, kwa kuwa sheria hairuhusu yaliyozidi minane, na historia yake ya matunzo inabaki hukohuko. Akija mwenye gari wa pili hapa Kenya anajazia maji ya bomba, wa tatu naye vilevile. Ukinunua gari la mkononi, mwaga yote, suuza mpaka yatoke meupe, uanze upya. Usibishane na kilichokuwemo.

Taa

Geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi zinapaswa kuwaka, halafu injini ikinguruma zizime. Hesabu zilizowaka. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko isiyozima, kwa sababu inawezekana mtu ameifanyia kitu. Binti ya dada yangu alinunua Vitz Nakuru, dashibodi safi kama sahani ya mgeni. Alipoileta kwangu nikageuza ufunguo, taa ya injini haikuwaka. Fundi alipofungua dashibodi alikuta imezibwa kwa utepe mweusi. Aliyemuuzia alikuwa ameshabadilisha namba ya simu.

Binti huyo ndiye aliyenikumbusha kwamba magari mengine hayana mshale. Vitz, Passo, Honda Fit nyingi zina taa mbili tu zenye picha ya kipima joto. Ya buluu ikiwaka asubuhi, injini bado baridi. Tembea taratibu, usiikanyage, itazima yenyewe. Nyekundu ni joto limezidi. Kati ya hizo mbili huna habari yoyote. "Mama mdogo, si basi ni rahisi, hakuna cha kutazama?" Nikamwambia, ndiyo, kama vile ni rahisi kuwa na mpishi asiyesema chochote mpaka nyumba iungue. Mwenye gari la taa ndiye anayehitaji katoni na tochi kuliko mimi. Hata mshale wa magari ya kisasa hutulizwa na kompyuta: unakaa katikati joto likipanda na kushuka nyuzi nyingi, na ukianza kusogea mambo yameshakwenda mbali.

Kwa ujumla nyekundu ni simama, manjano ni nenda ukaangaliwe, kijani na buluu ni habari tu. Taa nyekundu ya birika la oili haisemi oili imepungua kidogo. Inasema presha ya oili imeondoka, na hapo unazima injini kabla hata gari halijasimama vizuri kando. Taa ya injini ya manjano ikiwaka tu, unaweza kufika mjini ukasomewa kwa mashine. Ikiwa inapepesa, punguza mafuta, kuna silinda haichomi vizuri. Breki, ABS, mifuko ya hewa, hizo zina siku yake.

Lakini kuna moja watu hawaihusishi na joto: taa nyekundu ya betri. Kwenye injini ya 1NZ, iliyo kwenye Probox nyingi, mkanda mmoja unazungusha alteneta, inayochaji betri, na pampu ya maji pia. Ukikatika, taa ya kwanza kuwaka ni ya betri, na dereva anajisemea betri imechoka, nitaitazama nikifika. Pampu imesimama. Ana dakika chache tu. Taa ya betri ikiwaka ukiwa mwendoni, tupia jicho mshale wa joto papo hapo, kisha usimame ufungue boneti uutazame mkanda.

Na kuna kipimo cha bure hakipo kwenye dashibodi: hita. Iweke kwenye joto kabisa injini ikiwa moto. Ikipuliza baridi ilhali mshale umepanda, maji yamepungua au kuna hewa imekwama ndani.

Likichemsha mlimani

Tuseme unatoka Nakuru, umepita Salgaa, unapanda Sachang'wan, na mshale umeanza kuondoka katikati. Zima kiyoyozi. Fungua madirisha, washa hita joto kabisa na feni yake yote. Utajuta kuzaliwa kwa dakika kadhaa, ila hita ni rejeta ndogo ya pili, inavuta joto kutoka kwenye injini kuja miguuni mwako. Shuka gia, acha kushindana na malori. Mara nyingi mshale utarudi, na utakuwa umepata muda wa kutafuta mahali pa kusimama pasipo kona. Sachang'wan si mahali pa kusimama popote unapotaka. Malori yanayoteremka pale yameshakula watu. Toka barabarani kabisa, weka zile pembetatu mbili mbali nyuma, na hata tawi la mti kama kawaida yetu.

Ukisimama, angalia. Hakuna mvuke, maji hayamwagiki, feni inazunguka: acha injini ingurume dakika moja au mbili bila kukanyaga, maji yaendelee kuzunguka. Kuna mvuke, au taa nyekundu imewaka, au unaona maji chini: zima mara moja.

Halafu ngoja. Hapa ndipo watu huungua. Kile kifuniko kinabana maji yaliyovuka kiwango cha kuchemka; ukikifungua, yote yanageuka mvuke kwa mpigo na kukurukia usoni na mkononi. Nimeona mkono wa kijana mmoja wa matatu, sitaki kuueleza. Ngoja nusu saa isiyopungua, zaidi kama ulichelewa kusimama. Gusa mpira wa juu: kama huwezi kuushika ukahesabu hadi kumi, bado. Ukiwa tayari, kunja leso kuukuu mara nne, zungusha kifuniko robo tu, geuza uso, sikia kinavyopumua. Kikinyamaza, malizia.

Usimwagie injini maji ya baridi kwa nje, hata watu wa pembeni wakikushauri, na watakushauri. Chuma cha moto na maji ya baridi hupasuka kama glasi iliyotiwa chai. Maji ya kujazia nayo tia taratibu, injini ikiwa imepoa vya kutosha, ukiitazama. Nyuma ya kiti changu hubeba jerikani ya lita tano, leso hiyo, klipu mbili na bisibisi. Mpira ukipasuka karibu na ncha, unaukata, unaurudisha na klipu mpya, unafika. Ukipasuka katikati, gari linavutwa. Na ukijaza yakatoka palepale, usijaribu kulifikisha gari mjini kwa kulinywesha kila kilomita. Hiyo ndiyo njia ya kununua injini.

Gereji

Nina ugomvi na ushauri mmoja unaotolewa kila kona: "Toa hiyo thamostati, sisi tuko nchi ya joto." Mlango ukitolewa, maji yanazunguka bila mpangilio wakati wote. Injini inachelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na kuongeza petroli, oili haifikii joto lake. Mimi nilitolewa yangu bila kuulizwa, nikagundua kwa mafuta: safari ileile, kituo kilekile, na pesa zaidi. Kama imekwama, nunua mpya. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uone inafunguka yakipata moto.

La pili ni feni kuunganishwa moja kwa moja ili izunguke daima. Kwa kufika nyumbani, sawa. Kuiacha hivyo mwaka mzima ni kuimaliza mota na kuficha kosa la kweli. La tatu ni yai na bizari ndani ya rejeta ili kuziba tundu. Yai huziba kweli. Huziba tundu, huziba na mirija, na hita.

Na kama umeambiwa hedi gasketi imekwenda, omba kuonyeshwa: mapovu yanayopanda kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwashwa baridi na kifuniko wazi, moshi mweupe wa egzosi wenye harufu tamu usiokoma hata injini ikishapata moto, mpira wa juu mgumu asubuhi kabla ya kuwasha. Asipokuonyesha hata moja, tafuta wa pili. Ikiwa ni kweli, hedi ipimwe unyoofu kabla gasketi mpya haijalazwa juu yake, la sivyo utarudi.

Kazi ikiisha, kujaza kwenyewe kuna ufundi, na hapa ndipo gereji za haraka hukosea. Hewa ikibaki ndani, gari litachemka na maji yamejaa. Mimi hulipeleka mlima wa Riat nikaliegesha kando, pua ikitazama juu, tairi zimewekewa mawe, ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu kuliko pote. Hita joto kabisa. Unatia kulanti polepole, kifuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, unawasha, unaminyaminya mpira wa juu kama unamkamua ng'ombe, na mapovu yanatoka. Yakishuka unaongeza. Unangoja mpira wa juu upate moto, maana yake thamostati imefunguka. Mapovu yakiisha, unafunga kifuniko hadi mwisho, halafu unangoja feni iwake na kuzima mara mbili.

Kesho yake alfajiri, baridi, fungua tena. Yatakuwa yameshuka kidogo. Ongeza, ni hewa iliyokuwa imejificha. Yakishuka tena siku ya tatu, tandika katoni.